Kisanskriti Hakihitaji Uongo Wangu, Wala Wako

Leo asubuhi nimefuta vidio iliyoniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti. Wale mko hapa kitambo mnaijua. Ni ile ya sekunde 50, nimesimama kando ya ukuta wa hekalu la Wahindi hapa Nairobi, muziki wa filimbi kwa nyuma, naongea polepole kama mtu amebeba siri: "Wasee, NASA wanaandikia kompyuta zao kwa Kisanskriti. Ndiyo mama wa lugha zote duniani. Hata neno simba limetoka huko. Shuleni waliwaficha."

Uongo. Yote matatu. Naweza kusema sikujua, lakini huo utakuwa uongo wa nne, juu nilijua vizuri sana kwamba sijachunguza. Niliokota kwa ukurasa mwingine wa "hekima ya kale", nikabadilisha maneno mawili matatu, nikaweka filimbi.

Kilichonifanya niifute si wale wa kusahihisha. Hao wapo kila posti, nimewazoea. Ni komenti moja ya jamaa wa India. Aliandika kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba babu wa babu yake hakuruhusiwa hata kuisikia hiyo lugha ninayoisifu. Basi. Hakutusi, hakuweka alama ya mshangao. Na mimi nikafanya nini? Nikampa emoji ya moyo nikasonga mbele.

Emoji ya moyo, buda. Ni miezi mitatu sasa na bado inanichoma.

Kwa hivyo leo tuongee vizuri. Na wale mnaojiandaa kuandika "wewe uliacha chuo, utatufunza nini", tulieni. Niliacha chuo, sikuacha kusoma. Bando ya mia na simu yenye kioo kimepasuka, nimesoma zaidi hii miezi mitatu kuliko mwaka mzima wa kukaa nyuma ya darasa nikingoja karo ipatikane.

Tuanze na NASA, juu hapo ndipo wengi wenu mnang'ang'ania. Mwaka 1985 mtafiti anaitwa Rick Briggs, aliyekuwa akifanya kazi kwa kituo cha NASA cha Ames kule California, aliandika makala kwa jarida la AI Magazine. Alisema hivi: wanasarufi wa kale wa India walikuwa na njia ya kuivunjavunja sentensi hadi maana yake iwe wazi kabisa, nani kafanya nini, kwa kutumia nini, kwa ajili ya nani, na njia hiyo inafanana sana na vile watu wa akili bandia walikuwa wakijaribu kuipa kompyuta maarifa. Hilo ni wazo tamu. Ni makala ya mtu mmoja. Haikuwa amri ya NASA, hakuna roketi iliyorushwa kwa Kisanskriti, hakuna programu yao inayoandikwa nayo. Lakini tangu hapo makala hiyo imekuwa kama ile hadithi ya jirani aliyeonwa na Rais akipita na gari: kila mwaka Rais anasogea karibu, mwaka huu tayari wamekunywa chai pamoja.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli ni mkali kuliko hiyo stori ya jaba.

Kulikuwa na mtu anaitwa Panini. Aliishi karibu karne ya 5 au ya 4 K.K., upande wa Gandhara, ambao sasa uko Pakistan. Alitunga kitabu cha sarufi kinaitwa Ashtadhyayi, maana yake kitu cha sura nane. Ndani kuna kanuni takriban 4,000, na nyingi ni fupi kuliko ujumbe wa "niko njiani". Sasa skiza venye zinafanya kazi. Hazikuambii "neno hili ni sahihi, lile ni kosa" kama mwalimu wa lugha mwenye kiboko. Zinaanza na mizizi ya maneno na viambishi, halafu kanuni moja inafanya kitu, inapitisha matokeo kwa kanuni nyingine, ile nayo inapitisha, hadi neno kamili linatoka upande wa pili. Kuna kanuni za kusema kanuni gani ishinde zikigongana. Kuna sauti zote za lugha zimepangwa kwa mistari 14, na kila mstari una herufi ya alama mwishoni, kiasi kwamba ukitaka kusema "irabu zote" unasema tu "ac", ukitaka "konsonanti zote" unasema "hal". Yaani jamaa alikuwa anabana faili kabla hakujakuwa na faili.

Na kanuni ya mwisho kabisa? Ni "a a". Hiyo tu. Kwa kitabu kizima alikuwa ameichukulia ile "a" fupi kama inatamkwa mdomo ukiwa wazi, ndio kanuni zake zisimsumbue, ilhali watu waliitamka kwa kuibana. Alipomaliza kazi akairudisha kama ilivyokuwa. Mtu yeyote amewahi kuandika kodi anaijua hiyo hisia ya kurudisha kitu mahali ulikitoa kabla hujafunga.

Hii nayo si ya kubahatisha: mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Peter Ingerman aliandika barua kwa jarida la wenzake akipendekeza kwamba ile namna ya kuandika sarufi ya lugha za programu, iliyobeba jina la John Backus, iitwe Panini-Backus. Si ati Backus alinakili. Ila Panini alikuwa amefika mahali panapofanana zaidi ya miaka 2,000 mapema, bila karatasi, juu hizo kanuni zilifupishwa hivyo ili mtu azibebe zote kwa kichwa.

Kubeba kwa kichwa ndio mambo yao. Veda, zile nyimbo za ibada za zamani zaidi, zilipitishwa kwa mdomo vizazi na vizazi, na ili sauti hata moja isipotee waliunda mitindo ya kukariri. Moja inaenda hivi: neno la 1 na 2, kisha 2 na 1, kisha 1-2-3, kisha 3-2-1, kisha 1-2-3 tena, halafu unaanza upya na neno la 2. Ukikosea popote, mpangilio unavunjika na kila mtu anaskia. Wewe ukitumiwa namba ya simu ya tarakimu kumi unaomba iandikwe.

Sasa niambie, mtu ana hiyo mkononi, kwa nini adanganye kuhusu NASA? Nilidanganya juu uongo ni sekunde 50 na Panini ni dakika kumi. Na juu kwa vichwa vyetu kitu cha kale hakina thamani hadi Mzungu mwenye roketi akipige muhuri. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Tunadhani tunaisifu India, kumbe tunaisifu NASA.

"Mama wa lugha zote" nayo ni rahisi. Februari 1786, jaji Mwingereza aliyekuwa Calcutta, William Jones, alisimama mbele ya wenzake akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kwa mizizi ya vitenzi na kwa sarufi, hiyo haiwezi kuwa ajali. Hadi hapo kurasa za filimbi ziko sawa. Zinachokata ni nusu ya pili: alisema huenda zote zimetoka kwa chanzo kimoja ambacho pengine hakipo tena. Yaani ni dada. Mama alishafariki. Na huo ni ukoo mmoja tu. Kitamili, palepale India, kina ukoo wake tofauti kabisa. Kijaluo kina wake. Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, ni Kibantu.

Na hapo tunafika kwa simba, dhambi yangu kubwa.

Kwa Kisanskriti simba anaitwa simha. Inafanana, nakubali. Singapore yenyewe ni Simhapura, mji wa simba. Lakini neno letu halikushuka na jahazi. Washona wanamwita shumba. Wazulu wana insimba, ambaye ni yule mnyama mdogo wa madoa tunamwita kanu (mnyama, si chama). Maneno ya shina hilo yametapakaa kwa lugha za Kibantu, hadi bara kabisa mbali na bandari yoyote, mara kwa simba, mara kwa paka-mwitu. Ni letu, ni la kale, na limefanana na la kwao kwa bahati. Mimi nilisimama mbele ya kamera, mtoto wa Kibantu, nikachukua neno la mababu zangu nikalipatia watu wengine ndio nionekane nimesoma. Na mlipiga makofi. Nani alituambia kila kitu kizuri kwa mdomo wetu lazima kiwe kimetoka mahali pengine?

Maneno ya kweli yaliyosafiri yapo, na yana stori zao. Ukisema "nataka laki moja", umesema laksha, mia elfu, iliyopita kwa lugha za India hadi kwa dukawallah hadi kwako. Sukari ni sharkara, neno lililomaanisha pia changarawe, juu ndivyo chembe za sukari zinavyoonekana. Likapita Uajemi, likapita Uarabuni, likashuka pwani. Sataranji ni chaturanga, viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Rupia, pesa iliyotumika hapa Kenya hadi 1920, ni rupya, fedha iliyofinyangwa. Bangi ni bhanga. (Nilijua hapo mtaamka.)

Sifuri ndiyo naipenda zaidi. Brahmagupta aliandika kanuni za kuhesabu na sifuri mwaka 628, kwa mashairi ya Kisanskriti, na sifuri aliiita shunya, yaani tupu. Waarabu hawakulikopa neno, walilitafsiri: sifr, tupu. Sisi tukapata sifuri. Na ile "sin" ya hesabu iliyokutesa sekondari? Kisanskriti waliiita jya au jiva, uzi wa upinde. Waarabu wakaandika jiba bila irabu, baadaye watu wakalisoma jaib, mfuko au mkunjo wa nguo, na mtafsiri wa Kilatini akaweka sinus, mkunjo. Kwa hivyo ulichapwa kwa sababu ya uzi wa upinde uliosomwa vibaya.

Lakini ikibidi nichague moja, nachagua punda wa dobi. Wengi tulisimuliwa: kima na papa ni marafiki, papa anambeba kima mgongoni, katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa anataka moyo wa kima. Kima anasema, "Kwani hukuniambia mapema? Sisi mioyo tunaacha juu ya mti." Wanarudi, kima anapanda mti, hashuki tena. Papa akimwita, kima anamsimulia habari ya punda wa dobi, aliyeponea simba mara ya kwanza kisha akadanganywa akarudi akaliwa, na sungura akala moyo na masikio akasema huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo angerudi? Hii iliandikwa kwa Kiswahili cha Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Sasa fungua Panchatantra, kitabu cha hekaya cha Kisanskriti, sehemu ya nne. Kima yuko. Badala ya papa kuna mamba. Badala ya sungura kuna mbweha. Na punda asiye na moyo wala masikio yuko palepale, hadithi ndani ya hadithi, mahali pale pale. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiajemi cha kale karne ya 6, kisha Ibn al-Muqaffa akakiweka kwa Kiarabu karne ya 8 kwa jina Kalila wa Dimna. Nyanya wa pwani akakipika na nazi.

Na si kwetu tu. Shirika la ndege la Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi yoyote, linaitwa Garuda, ndege wa mungu Vishnu. Uwanja wa ndege wa Bangkok ni Suvarnabhumi, nchi ya dhahabu. Hakuna jeshi la India lililoenda kuwachapa watu wa Java ndio wajifunze hiyo lugha. Wafalme wa huko waliitaka wenyewe, juu ilikuwa na uzito, kama vile mtu akitaka kuonekana serious hapa anabadilisha anaenda Kiingereza.

Kama ningeachia hapo ningekuwa nimerekebisha vidio na bado nimempa yule jamaa emoji ya moyo.

Juu hiyo lugha ilikuwa na geti, na geti lilikuwa na soja. Vitabu vya sheria vya Kibrahmani viliandika wazi. Gautama Dharmasutra inasema mtu wa tabaka la Shudra akisikiliza Veda makusudi, masikio yake yajazwe bati lililoyeyushwa. Bati, ile madini, ikiwa moto, ndani ya sikio, kwa kosa la kuskia. Na hapo tunaongea juu ya Shudra. Kuna watu walihesabiwa chini yao, nje ya tabaka zote. Ndio maana ile komenti ilisema "kuisikia". Jamaa hakuwa anapamba lugha.

Angalia hata tamthilia. Kalidasa, mshairi wao mkubwa, ana Shakuntala. Mfalme anaongea Kisanskriti. Shakuntala mwenyewe, ambaye mchezo umebeba jina lake, anaongea Kiprakriti, lugha ya kawaida. Mvuvi na askari nao Kiprakriti. Ndivyo tamthilia ziliandikwa: unafungua mdomo na kila mtu anajua umeketi wapi. Mkicheka soja wa kwenye vichekesho vyetu vya runinga na lafudhi yake, jua mzaha huo ni wa zamani.

Na watu walikataa geti zamani hizo hizo. Mapokeo ya Wabudha yanasema Buddha alikataa maneno yake yawekwe kwa mtindo wa Veda. Kila mtu ayajifunze kwa lugha yake. Ashoka, mfalme aliyetawala karibu India yote karne ya 3 K.K., alipochonga amri zake kwa mawe alitumia Kiprakriti, na kaskazini-magharibi hata Kigiriki na Kiaramu. Alitaka watu waelewe.

Halafu kuna B. R. Ambedkar. Alizaliwa 1891 katika jamii ya Mahar, watu walioitwa wasioguswa. Shuleni alitaka kusoma Kisanskriti. Akakataliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake, akasoma Kiajemi. Huyo mtoto alienda Columbia, akaenda London, akarudi akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Na mwaka 1949, wakati wanabishana lugha rasmi iwe gani, alikuwa kati ya waliounga mkono Kisanskriti. Nimesoma hiyo mara tatu. Mtu aliyefungiwa mlango hakusema nyumba ichomwe. Mimi sina roho hiyo, nakuambia ukweli. Aliyeninyima mtihani kwa karo, sitaki hata kupita karibu na geti lake.

Sasa kuna wale watasema nachafua dini ya watu. Hapana. Rafiki yangu mmoja, Mkenya wa asili ya Kihindi (na serikali iliwatambua kama kabila la 44 mwaka 2017, kwa hivyo acheni kumwita mgeni), aliniambia bibi yake anakariri maombi ya Kisanskriti kila asubuhi jikoni, mengine haelewi neno kwa neno, na akiyaskia yeye hutulia. Hiyo ni yao na iko salama. Ninaongea na wanaotumia lugha hiyo kama fimbo, na wanaoipamba kama mimi kwa ajili ya watazamaji.

Juu fimbo ipo bado. Sensa ya India ya 2011 ilipata watu 24,821 waliosema Kisanskriti ndicho lugha yao ya mama, kwa nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.2. Lakini miaka mitatu hadi 2020 serikali kuu ilitumia zaidi ya rupia bilioni 6 kukikuza, na lugha nyingine tano za kale zilizokuwa na hadhi hiyo wakati huo, Kitamili kikiwemo, ambazo watu wanaongea hadi wakinunua nyanya, ziligawana karibu milioni 290. Ukisikia "mama wa lugha zote", uliza nani analipwa hiyo sentensi ikiaminika. Mtamili anajua jibu. Mimi niliirudia bure, kwa ajili ya wafuasi.

Vidio mpya naiposti Ijumaa. Dakika tisa, bila filimbi, na najua nusu yenu mtatoka kabla Panini hajaingia.

Kitu kimoja sikufikiria: nilipofuta ile ya zamani, komenti ya yule jamaa ilienda nayo. Jina lake nalikumbuka nusu. Nimetafuta tangu saa nne, sijampata. Kaka, kama hii itakufikia: najua husomi Kiswahili, kwa hivyo nimeandika hapo chini kwa Kiingereza jibu nililopaswa kukupa siku ile, na moyo nimeutoa.